Hali ya Utata katika Kanuni ya Saini: Vipimo Vilevile, Pembetatu Mbili

Kanuni ya saini hueleza kuwa, katika pembetatu yoyote, uwiano wa urefu wa upande na saini ya pembe inayoukabili ni uleule kwa pande zote tatu. Utata hujitokeza pale zinapojulikana pande mbili na pembe isiyo baina yao, kwa kuwa pembe mbili ambazo jumla yake ni nyuzi 180 zina saini moja.

Tuchukue pembetatu ABC ambamo pembe A ni nyuzi 30, upande a unaoikabili ni mita 6, na upande b ni mita 10. Saini ya B ni (10 × 0.5) ÷ 6, yaani 0.8333. Kikokotoo hutoa nyuzi 56.44 pekee, hata hivyo, nyuzi 123.56 nazo zinakubalika, kwani zikijumlishwa na 30 hazifiki 180. Kwa hiyo, upande c waweza kuwa mita 11.98 au mita 5.34. Kanuni ya kosaini huthibitisha hilo, kwani mlinganyo c² − 17.32c + 64 = 0 una majibu mawili chanya.

Hali hii hutokea, pembe A ikiwa kali, endapo a ni ndogo kuliko b lakini kubwa kuliko b × saini A, ambayo hapa ni mita 5. Mpimaji wa ardhi asiyeizingatia anaweza kuukosea mpaka wa kiwanja kwa zaidi ya mita 6. Kinachoondoa utata ni kipimo cha ziada uwandani, kama vile pembe C; hesabu peke yake haiwezi kuamua ni pembetatu ipi iliyopo ardhini.