Nati Moja ya Tairi Isikukoseshe Basi la Mzigo

Wapambanaji wenzangu, hasa mnaopeleka oda kwa gari lenu wenyewe, leo tuweke kando picha za bidhaa na majibu ya WhatsApp. Tuongelee nati za tairi. Ndiyo, zile zile usizoziangalia mpaka upate pancha.

Mimi nauza vyombo vya jikoni mtandaoni hapa Dar es Salaam na mizigo yangu mingi naipeleka mwenyewe. Nimejifunza kwamba pancha yenyewe haikuchelewi sana. Kama una tairi la akiba lenye upepo, nusu saa umeshaondoka. Kinachokula siku nzima ni nati moja iliyolika kona, spana ikiingia inazunguka bure. Hapo hata uwe na nguvu za Samsoni, tairi halitoki.

Kuna dada mmoja tunafanya naye biashara, yeye anauza vitenge. Alikuwa na sare za harusi za kupeleka Singida, mteja ameshalipa zote, harusi Jumamosi. Alfajiri anaelekea stendi ya Magufuli, Mbezi, kuwahi basi, akapata pancha Kimara. Nati tatu zikatoka. Ya nne ilishalika siku nyingi, ila hakuna aliyemwambia. Kabla hajampata fundi mwenye vifaa, basi likaondoka. Mzigo ulienda kesho yake, ukafika Ijumaa usiku, na mafundi cherehani wakakesha. Mteja hakudai hela yake, lakini hakurudi tena. Kwa sisi tunaouza kwa watu wasiotujua sura, mteja wa namna hiyo ni hasara usiyoiona kwenye daftari.

Nati inalikaje?

Sababu ni tatu, na zote unaweza kuzizuia.

Ya kwanza ni spana isiyo saizi yake. Toyota nyingi tunazoendesha, kama IST, Vitz, Probox na Noah, nati zake za kiwandani zinatumia spana ya 21. Mtu akishika 22 kwa sababu ndiyo iliyo karibu, inashika kona tu, na kila akikaza anazisaga.

Ya pili ni nguvu kupita kiasi. Mashine ya upepo pale kwa fundi pancha, au kijana anayepanda juu ya spana na kuruka. Hili nitalirudia chini kwa hesabu.

Ya tatu ni kutu. Kuna nati za kung'aa zenye ganda jembamba la bati juu na nati yenyewe ndani. Maji yakiingia katikati, kutu inatuna, ganda linavimba au linavuka. Spana ya 21 haiingii tena, ya 22 inacheza.

Kabla hujagusa chochote

Gari liwe sehemu tambarare na ngumu, mbali na magari yanayopita. Vuta breki ya mkono, weka gia ya P, au gia ya kwanza kama ni manyuali. Weka jiwe au kipande cha mbao kwenye tairi la upande mwingine. Weka pembetatu nyuma, kama ni giza washa taa za tahadhari.

Halafu shika hili: nati inalegezwa tairi likiwa chini, si juu ya jeki. Gari lililo juu ya jeki likivutwa kwa nguvu linaanguka. Jeki ni ya kubadilishia tairi tu. Usiingize kichwa wala mguu chini ya gari.

Na anza na ile nati mbovu, zenzake zikiwa zimekazwa. Kama ulishazilegeza, zikaze tena kidogo. Zikiwa legevu, mkazo wote wa rimu unabebwa na ile moja na inazidi kung'ang'ania.

Hatua kwa hatua, kuanzia rahisi

1. Safisha, weka dawa ya kutu. Sugua nati kwa brashi ya waya, puliza WD-40 au sprei nyingine ya kulegeza kutu pale uzi unapoonekana, subiri angalau dakika 15. Gonga nati kidogo kidogo kwa nyundo ili dawa ipenye. Isiende kwenye diski ya breki. Ikienda, safisha kabla hujaendesha.

2. Tumia boksi ya pembe sita. Boksi nyingi za bei rahisi ndani zina pembe kumi na mbili, na hizo zinashika ncha za kona tu. Ya pembe sita inabana pande zote za nati. Igonge iingie mpaka mwisho, weka mpini mrefu, sukuma taratibu kinyume cha saa bila kushtua.

3. Gongea boksi ndogo kidogo. Hii ndiyo njia inayookoa wengi. Nati ya 21 ikishalika, tafuta boksi ya 20, au ya inchi 13/16, ambayo ni milimita 20.6 hivi. Itakuwa inakataa kuingia, na ndicho tunachotaka. Igongee kwa nyundo mpaka ikae, kisha zungusha. Kama ni yenye ganda lililovimba, ng'oa kwanza ganda kwa tindo, ndani utakuta nati nzima iliyo ndogo, nayo inakubali boksi yake. Vaa miwani, vipande vinaruka. Kama una rimu za spoti, zungushia kitambaa usizichubue. Ujue boksi uliyoigongea inaweza kukataa kuachia nati, kwa hiyo usitumie ile nzuri ya fundi uliyoazima.

4. Boksi maalumu ya kung'olea nati. Ndani ina meno yaliyojipinda kinyume. Kadiri unavyozungusha kufungua ndivyo meno yanavyouma chuma. Ukiwa na gari la biashara, seti moja ya hizi ni kifaa cha kazi kama mzani au mashine ya kufungia mifuko.

5. Tindo na nyundo. Weka ncha ya tindo pembeni ya nati, gonga kuelekea upande wa kufungua. Inafaa pale nati inapofikika. Kwenye rimu za spoti, ambako nati imezama ndani ya tundu, utaharibu rimu kabla nati haijasogea.

Zikishindikana zote, ni kazi ya gereji. Fundi atatoboa kwa drili au kukata stadi, yaani ile bolti iliyotokeza kwenye habu, na kuweka mpya.

Onyo: usikubali mtu apige moto wa gesi kwenye nati tairi likiwa bado kwenye rimu. Ni kweli joto linalegeza chuma, lakini hewa ndani ya tairi inapanda na mpira wenyewe ukichemka unatoa gesi. Tairi linaweza kulipuka kwa nguvu ya kuua. Hata kuchomelea nati nyingine juu ya ile mbovu, njia ambayo mafundi wengi wanaijua, nayo inapeleka joto kubwa hapo hapo. Mwambie fundi ajaribu njia baridi zote kwanza.

Imetoka. Usiirudishe!

Nati iliyolika ni ya kutupa. Ukiirudisha "kwa leo tu", umejiwekea miadi ya tatizo lile lile. Angalia na uzi wa stadi. Kama umelika au umejipinda, badilisha stadi pia.

Ukienda kununua, Kariakoo au popote, usiseme tu "nipe nati ya tairi". Sema mambo matatu.

Moja, unene na uzi. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi ndogo nyingi ni milimita 12 kwa uzi wa 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi, pamoja na Kirikuu ya Suzuki Carry, ni 12 kwa 1.25. Ukiziangalia kwa macho zinafanana. Ya 1.25 ukiiweka kwenye stadi ya 1.5 itaingia mzunguko mmoja au miwili kisha igome. Mwenye haraka ataisukuma kwa mashine, na hapo uzi umekwisha.

Mbili, kitako chake. Nyingi zina kitako cha koni. Honda za kiwandani zina kitako cha mviringo kama mpira. Baadhi ya rimu za spoti za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye kitako bapa na washa. Kitako kisipolingana na tundu la rimu, nati inagusa sehemu ndogo tu, na barabarani inalegea hata kama uliikaza vizuri.

Tatu, saizi ya spana. Ukichanganya ya 19 na ya 21 kwenye tairi moja, siku ya pancha usiku utalia. Ziwe saizi moja zote, na spana yake iwe ndani ya gari.

Njia rahisi kuliko zote: beba nati nzima kutoka gari lako uende nayo dukani kama sampuli. Ukishanunua, izungushe kwa vidole kwenye stadi. Isipokwenda kwa vidole mpaka karibu na mwisho, si yake.

Na nyie mnaouza spea mtandaoni, hayo mambo matatu yawekeni kwenye maelezo ya bidhaa. "Nati za Toyota, bei poa" haimtoshi mteja wa Mbeya anayelipia nauli ya mzigo. Piga picha ya kitako, andika uzi. Utapunguza mizigo ya kurudishwa.

Kukaza: hesabu ya kilo 70

Toyota ndogo nyingi zinatakiwa kukazwa kwa Nyutoni mita 103. Kwa lugha yetu, ni kama ukishika spana yenye urefu wa nusu mita na kuusukuma mwisho wake kwa uzito wa kilo 21 hivi. Basi. Mtu mzima anaweza kwa mikono bila kuruka.

Sasa kijana wa kilo 70 akisimama juu ya spana ya sentimita 40, anaweka Nyutoni mita 275 hivi, zaidi ya mara mbili na nusu. Na hapo hajaruka. Stadi inavutika, uzi unalika, kona za nati zinasagika, na wewe unaondoka ukidhani umefanyiwa kazi ya uhakika.

Kaza hivi: futa mafuta na uchafu kwenye uzi, anza nati zote kwa vidole, kaza kidogo gari likiwa juu, lishushe, halafu malizia kwa mtindo wa msalaba, nati moja kisha ile iliyoikabili. Ukiendesha kati ya kilomita 50 na 100, simama uzikague tena.

Je, unaweza kutembelea nati pungufu? Magari madogo mengi kama Vitz na Probox yana nati 4 kila tairi. Ikikosekana moja umepoteza robo ya kinachoshika tairi, na zilizobaki zinabeba zaidi, gari likiwa na maboksi mpaka kwenye siti ya mbele. Nenda taratibu mpaka gereji ya karibu tu, usianze nayo ruti. Ukisikia mlio wa tok-tok unaobadilika na mwendo, au usukani unatetemeka ghafla, simama hapo hapo. Tairi likichomoka barabarani, anayegongwa anaweza kuwa mtoto anayevuka kwenda shule. Hapo hatuongelei oda tena.

Siku moja kwa mwezi

Chagua siku isiyo na mizigo mingi. Mimi nafanya Jumapili ya kwanza ya mwezi, dakika 40 zinatosha. Jaribu kila nati kwa spana yako: ilegeze kidogo, ikaze tena. Inayoteleza, inayogoma au yenye ganda lililovimba, ishughulikie siku hiyo hiyo ukiwa nyumbani, duka liko wazi na hakuna mteja anayepiga simu. Kama gari lina nati ya kufuli, ile inayotaka ufunguo wake maalumu, hakikisha ufunguo upo. Kwa magari yaliyotoka Japani, tafuta kwenye kasha la mbele au pale penye tairi la akiba. Usipouona, toa nati hizo zote na uweke za kawaida.

Ndani ya gari kaa na boksi ya pembe sita ya saizi yako, mpini mrefu, sprei ya kutu, nati mbili mpya, tochi na kipande cha mbao. Vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja.

Na ukipeleka gari kwa fundi pancha, shuka. Simama pale. Mwambie kwa upole: "Kaka, anza kwa mkono, mashine usiitumie kumalizia." Wengine watanuna. Wewe ndiye utakayekuwa barabarani saa kumi na moja alfajiri na mzigo wa mtu.

Biashara njema.