Sheria ya sigara tunayo, ila anayetaka kuacha aende wapi?

Uzi mfupi. Kila msimu wa bajeti mjadala wa sigara hurudi, na huwa ni ule ule. Huyu anataka ushuru upande, yule anasema wakulima wa Migori wataumia na magendo yatajaa mpakani. Wakimaliza kufokeana, hakuna aliyemtaja mvutaji mwenyewe.

WHO hupima nchi kwa mambo sita: kufuatilia takwimu, kukinga watu na moshi, kusaidia wanaotaka kuacha, kuonya, kuzuia matangazo na kupandisha ushuru. Mwanasiasa akijisifu kwamba Kenya ina sheria kali, muulize anaongea kuhusu lipi kati ya hayo.

Kwenye karatasi tuko sawa kabisa. Tuliridhia mkataba wa WHO mwaka wa 2004, kisha ikaja Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007: huvuti mahali pa umma ila palipotengwa, humuuzii aliye chini ya miaka 18, na pakiti haipaswi kuwa na sigara chini ya 10.

Sasa toka hapo nje kwa geti uende kioski. Sigara zinauzwa moja moja, kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba.

Hiyo moja moja ndiyo inauma, na midahalo huiruka. Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa bidhaa ni Sh4,100 kwa sigara 1,000, yaani kama Sh4.10 kwa kila moja. Ukiongezwa kidogo, mnunuzi wa pakiti atahisi. Wa moja moja anaongeza shilingi tu na maisha yanaendelea.

Magendo yapo, hatukatai. Lakini KRA ina mfumo wa stempu za kielektroniki tangu 2013, kwa hivyo hiyo ni kazi ya kusimamia mpaka, si sababu ya kuganda na ushuru.

Haya, kuacha. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulipata asilimia 11.6 ya watu wazima wakitumia tumbaku, kama milioni 2.5, na wavutaji wengi walisema wanapanga au wanafikiria kuacha. Wateja wapo! Nikotini ni uraibu, bana, kumwambia mtu "jikaze" si matibabu. Gamu na plasta za nikotini ziko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009. Ingia zahanati ya wadi yako uziulizie, halafu utuambie hapa chini umejibiwa nini.

Na hapo ndipo mpira hurushwa. Sera inaandikwa Afya House, zahanati ni ya kaunti. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Pesa je? Kanuni za 2014 zinataka watengenezaji na waagizaji wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwa Hazina ya Kudhibiti Tumbaku. Kampuni ya sigara ilipinga hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Kwa hivyo swali la mdahalo ujao, kwa serikali na kwa upinzani: hazina imepokea ngapi tangu hapo, na ngapi zimemfikia anayetaka kuacha?

Kama ni wewe unayetaka kuacha leo, usingoje mdahalo. Piga 1192 ya NACADA, ni bure.