Nyumba ya likizo na umeme wa jua: tuhesabu kwanza kabla ya kupanda juu ya mabati



Katika makutano yetu mengi ya mashariki kuna swali linalorudi kila mwaka likizo kubwa inapokaribia. Familia inaishi Goma, Bukavu au Butembo, lakini ina nyumba kule kijijini walikozaliwa wazee: Idjwi, Kalehe, Masisi, Lubero au kwingineko. Nyumba hiyo hufunguliwa mwezi wa saba na wa nane, na tena wakati wa Noeli. Siku nyingine zote imefungwa. Parokia nazo zina nyumba za aina hiyo: nyumba ya mafungo kando ya ziwa, au nyumba ya wageni ambayo hulaza watu wakati wa semina tu. Swali ni hili: je, tuweke plake za sola juu ya nyumba ambayo watu hulala ndani yake majuma machache kwa mwaka?

Wengi hujibu upesi kwamba jua ni la bure. Jua ni la bure kweli, lakini plake, betri, nyaya na kazi ya fundi si bure. Na pesa hizo mara nyingi ni michango ya ndugu wote, au sadaka ya washiriki. Bwana Yesu alipotoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, katika Luka 14, alionyesha kwamba kuketi na kuhesabu gharama ni sehemu ya hekima. Basi tuketi pamoja, tuhesabu.

Hatua ya kwanza: tunahitaji umeme kiasi gani?

Usianze kwa kuuliza bei ya plake. Anza kwa kuandika vitu vyote mtakavyowasha, nguvu ya kila kimoja kwa wati, na saa kitakazowaka kwa siku. Zidisha wati kwa saa. Tuchukue mfano wa nyumba ya familia moja:

- Taa 5 za LED, kila moja wati 6, kwa saa 5: 150.
- Simu 6 za kuchaji, kila moja kama 15 kwa siku: 90.
- Redio ya wati 10 kwa saa 4: 40.
- Televisheni ndogo ya wati 50 kwa saa 3: 150.

Jumla ni 430 kwa siku. Kipimo hiki mafundi hukiita wati-saa.

Sasa upande wa jua. Ingawa mchana wetu una saa 12, jua lenye nguvu kamili kwa plake ni kama saa 4 hadi 5 kwa siku, kwa sababu asubuhi na jioni mwanga ni hafifu na mawingu ya milimani ni mengi. Tukihesabu saa 4, na kukubali kwamba karibu theluthi moja hupotea kwenye nyaya, kwenye betri na kwa sababu ya joto la plake, nyumba hii inahitaji plake ya wati 160 hivi. Fundi mwaminifu atashauri wati 200 ili isibane.

Betri nayo: betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 hubeba wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi, ile ya asidi tuliyoizoea, haipendi kunyonywa zaidi ya nusu. Kwa hiyo 600 tu ndizo za kutumia. Hizo zinatosha usiku mmoja na kubakiza kidogo kwa siku ya mawingu.

Angalia kwamba hatukuweka friji wala pasi. Friji ndogo peke yake inaweza kula kwa siku zaidi ya vitu vyote tulivyovitaja hapo juu. Anayetaka friji katika nyumba ya likizo ajue kwamba mtambo wake utakuwa mara mbili au tatu ya huu.

Tukumbuke pia majira. Huku Kivu, likizo kubwa huangukia kiangazi, jua likiwa jingi. Noeli huangukia wakati wa mvua, na ndipo nyumba hujaa wageni. Mtambo uliopimwa kwa mwezi wa saba utawaangusha mwezi wa kumi na mbili.

Hatua ya pili: gawanya gharama kwa usiku

Hapa ndipo nyumba ya likizo inapotofautiana na nyumba ya kukaa. Tutumie tarakimu za mfano tu. Ninyi wekeni bei za soko lenu.

Tuseme mtambo wote, pamoja na kazi ya fundi, ni dola 600. Katika miaka 10 mtabadilisha betri walau mara moja, tuseme dola 150. Jumla ni 750. Nyumba ikitumika usiku 20 kwa mwaka, hizo ni usiku 200 katika miaka 10. Kila usiku wa mwanga umewagharimu dola 3 na senti 75.

Mtambo uleule ukiwa juu ya nyumba inayotumika usiku 300 kwa mwaka, betri itachoka mapema zaidi. Hata mkiibadilisha mara mbili, jumla ni dola 900 kwa usiku 3,000. Kila usiku ni senti 30. Plake ni zilezile na jua ni lilelile. Tofauti ni idadi ya siku ambazo watu wako nyumbani.

Vipi jenereta? Jenereta ndogo ya esansi hunywa kama nusu lita kwa saa. Saa 4 kila jioni ni lita 2. Kwa usiku 20 ni lita 40. Lita ikiwa dola 1 na nusu, ni dola 60 kwa mwaka, yaani 600 kwa miaka 10. Ongeza bei ya mashine yenyewe, tuseme 150, na mtaona kwamba mmefika palepale: 750. Lakini jenereta ina kelele, ina oili na marekebisho, na moshi wake huua watu wanaoiwasha ndani ya nyumba au karibu na dirisha. Hatuipendekezi kwa sababu ya bei tu.

Iko njia ya tatu ambayo familia nyingi huisahau: taa za sola za kubeba, pamoja na betri ndogo yenye plake yake ya kukunja au ya kushika mkononi. Tuseme vyote ni dola 120, na mvinunue tena baada ya miaka 5. Ni dola 240 kwa usiku 200, yaani dola 1 na senti 20 kwa usiku. Havitawasha televisheni, lakini vitawasha vyumba na kuchaji simu. Na likizo ikiisha, vinarudi mjini ndani ya mfuko na kusaidia kila siku ambayo umeme wa mji umekatika.

Hatua ya tatu: nani anabaki na mtambo?

Nyumba iliyofungwa miezi kumi haina macho. Plake juu ya mabati zinaonekana kutoka njiani, na mwizi anajua kalenda ya likizo kama sisi. Tena, katika miaka hii ya vita, familia nyingi zimekimbia vijiji vyao bila nafasi ya kuchukua hata godoro. Kilichofungwa juu ya paa hubaki huko, na kinachobebeka huenda na mwenyewe. Hili si jambo la kuonea haya kulisema katika kikao cha familia.

Hata mwizi asipokuja, betri haipendi upweke. Betri ya risasi hupoteza chaji kidogo kila mwezi hata kama hakuna anayeitumia. Ikikaa muda mrefu bila chaji, ndani yake hujengeka ukoko ambao hauondoki tena, na mkirudi Noeli mtakuta imekufa. Kwa hiyo mtu akiondoka hapaswi kukata plake. Aache plake iendelee kuilisha betri kupitia regileta, yaani kile kifaa kinachosimamia chaji isizidi wala isipungue. Azime tu vitu vinavyotumia umeme. Betri ya asidi ya kuongezwa maji inahitaji mtu wa kuitazama kila baada ya miezi michache na kuongeza maji safi ya betri, si ya bomba wala ya kisima. Betri ya lithiamu huvumilia zaidi, lakini yenyewe hupenda kuachwa ikiwa na chaji ya nusu hivi na kutenganishwa na mtambo, kwa sababu kukaa imejaa kabisa kwa miezi huichosha.

Kwa ufupi, mtambo wa kudumu unahitaji mtu wa kudumu. Kama kuna sentineli au ndugu anayeishi uani, mpeni taa yake na mahali pa kuchaji simu kutoka kwenye mtambo huo. Atautunza kwa sababu na yeye anautumia.

Hatua ya nne: radi, kivuli na bidhaa bandia

Watafiti waliohesabu radi za dunia nzima kwa satelaiti kwa muda wa miaka 16 walikuta kwamba Kabare ni mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Sake na Butembo zimo katika kumi za kwanza. Sisi tunaoishi hapa hatukushangaa. Lakini hesabu hiyo ina maana kwa mtu anayeweka chuma na nyaya juu ya paa: mtambo uwe na waya mzuri wa kushuka ardhini, pamoja na kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi. Mtambo wa nyumba ya kukaa unaweza kutenganishwa mvua ikianza kunguruma. Katika nyumba tupu hakuna wa kuutenganisha.

Kuhusu kivuli: tawi moja la mwavokado juu ya kona ya plake linaweza kupunguza umeme mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu vipande vya plake vimeunganishwa kama mnyororo. Plake iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Wanaoishi karibu na Nyiragongo na Nyamulagira wanajua kwamba jivu la volkano nalo hutua juu ya mabati. Plake iwe mahali ambapo mtu anaweza kufika na kitambaa na maji.

Kuhusu bandia: plake nzuri ya siku hizi hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo plake ya wati 300 haiwezi kuwa ndogo kama meza ya kahawa. Lazima iwe na karibu mita moja na nusu ya mraba. Nendeni sokoni na futi ya kupimia. Karatasi iliyobandikwa nyuma inaweza kusema uongo, lakini ukubwa hausemi uongo.

Basi tuamue namna gani?

Sisi tunaona hivi. Kama nyumba inatumika chini ya usiku 30 kwa mwaka na hakuna anayeishi hapo, msiweke mtambo wa kudumu. Nunueni vifaa vya kubeba. Kama kuna mtu anayeishi hapo mwaka mzima, au kama parokia inapokea wageni karibu kila juma, mtambo wa kudumu unajilipa, na uwekwe vizuri tangu mwanzo.

Kati ya hizo mbili kuna nyumba nyingi, na kwa hizo tunapendekeza swali moja zaidi: ni nani jirani ya nyumba hii? Katika vijiji vyetu vingi, mita chache kutoka nyumba ya likizo iliyofungwa, kuna kituo cha afya ambako mama anajifungua kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na muuguzi. Kuna shule ambayo mkurugenzi wake anatembea saa nzima ili kuchaji kompyuta. Mtambo wa dola 600 hapo ungefanya kazi usiku 365, ungekuwa na watu wa kuulinda, na betri yake isingekufa kwa kukosa kutumiwa. Familia inayokuja mwezi wa saba ingeweza kukubaliana na kituo ichaji taa zake pale jioni chache za likizo.

Mpango kama huo unahitaji maandishi. Andikeni nani ni mwenye mtambo, nani anabeba ufunguo, nani anaweka akiba ya kubadilisha betri, na itakuwaje kituo kikihamishwa au watu wakikimbia. Bila akiba ya betri, mtambo wa jumuiya hufa mwaka wa nne au wa tano, plake zikiwa bado nzima juu ya paa. Senti chache kwa kila simu inayochajiwa, zikitunzwa na mweka hazina anayetoa hesabu mbele ya watu, zinatosha kununua betri mpya wakati wake ukifika.

Kwa hiyo, kabla ya likizo ijayo, tunawaomba wakuu wa familia na kamati za maendeleo za parokia wafanye kazi ndogo: chukueni daftari, mwandike nyumba yenu ilikaliwa usiku mangapi mwaka uliopita. Hesabuni usiku uliopita kweli, si ule mnaotumaini. Tarakimu hiyo itawaambia mengi kuliko muuzaji yeyote wa sokoni.

Bwana awape hekima na umoja katika kuamua.