Mwalimu Aliye Mbali: Elimu ya Masafa kwa Watoto wa Kambi za Uvuvi Ziwa Tanganyika



SUALA:

Assalaam alaykum masheikh wetu. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, tunaishi kambini kusini ya Ujiji, na kufika mjini ni safari ya boti. Nina mtoto wa miaka 8, binti wa miaka 12 anayehifadhi Qur-aan, na kijana wa miaka 16 aliyeacha shule akiwa kidato cha kwanza. Tunaambiwa siku hizi watoto wanasoma kwa simu. Nikiwanunulia simu nitakuwa nimetimiza wajibu wangu?

JAWABU:

Wa alaykumus-salaam warahmatuLlaahi wabarakaatuh. Dada yetu, simu ni chombo tu, na wajibu wako hautimii kwa kununua chombo. Tumeona bora tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu wazee wengi wa mwambao ule wanaliuliza, na hata kwetu Unguja na Pemba watu wa madagoni wana mas-ala haya haya.

Waliofika Kigoma wanajua hali ilivyo. Milima inashuka hadi majini, na vijiji vingi vya mwambao, hasa upande wa Mahale, njia yao kubwa ni ziwa lenyewe. Wavuvi nao wanahama wakifuata samaki, na mtoto anayeanza darasa hapa akahamishwa kule hupotea katika daftari zote mbili. Hapo ndipo elimu ya masafa inapohitajika.

Elimu hiyo ina viungo vitatu. Cha kwanza ni somo lililoandikwa au kurikodiwa kwa makusudi ili lieleweke bila ya mwalimu kuwapo. Cha pili ni njia ya kulifikisha: kitini, redio, simu. Cha tatu ni njia ya kurudi, yaani kazi ya mwanafunzi kumfikia mwalimu, akaisahihisha na kumrejeshea. Watu wanashughulika na cha pili, na kinachoangusha wanafunzi ni cha tatu.

Maulamaa wa Hadiyth walilipambanua jambo hili zamani sana. Ibn as-Swalaah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ametaja njia nane za kupokea elimu. Ya kwanza ni kumsikia sheikh kwa masikio yako. Imo pia al-mukaataba, sheikh kumwandikia mwanafunzi aliye mbali, nayo waliikubali. Ya mwisho ni al-wijaada, mtu kukuta maandishi ya sheikh bila ya kukutana naye wala kupata idhini yake. Mtoto anayeangalia video peke yake yuko katika wijaada. Akiwa na mwalimu anayemsahihisha, amepanda hadi mukaataba. Simu inaweza kuwa ile ile, tofauti ni nani yuko upande wa pili.

Tukija kwa mtoto wa miaka 8: huyu usimtegemezee masafa. Kwanza sheria ya nchi inamtaka aandikishwe skuli na ahudhurie. Pili, mtoto wa umri huo hajui kujifunza peke yake. Zanzibar tulikuwa na kipindi cha redio, Tucheze Tujifunze, kilichoanza mwaka 2006 katika mradi wa RISE wa Wizara ya Elimu na washirika wake. Sauti ya redioni inauliza, kisha inanyamaza ili watoto wajibu, waimbe, waruke, wahesabu vijiti. Lakini karibu na redio alikaa mtu mzima wa mtaa ule ule, aliyepewa mafunzo kidogo, akiwaongoza. Bila ya mtu huyo, redio ingekuwa kelele za jirani. Basi kama kambini hakuna skuli, mwache mtoto kwa jamaa wa kuaminika penye skuli. Ikishindikana, muulize afisa elimu wa kata kuhusu MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ambao hufupisha masomo ili mtoto aliyechelewa arudi katika darasa la kawaida.

Kijana wa miaka 16 ndiye hasa mwenye haki ya elimu ya masafa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, inayojitegemea tangu mwaka 1975, ina mpango wa sekondari kwa walio nje ya mfumo rasmi, na ofisi zake zimo mikoani. Mwanafunzi husoma moduli na kukutana na mwalimu kituoni. Aliyeacha kabla ya kufaulu kidato cha pili hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, maarufu QT, chini ya Baraza la Mitihani. Akifaulu, anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti ni cha Baraza hilo hilo.

Tusimdanganye kuwa ni njia nyepesi. Sisi wenyewe sehemu ya masomo yetu ya chuo kikuu tuliyasoma kwa vitini, tukiwa watu wazima wenye ndevu, na kuna mwaka vitini vilikaa juu ya kabati mpaka ikabaki wiki moja kabla ya mtihani. Tulianguka, na hatukuwa na wa kumlaumu.

Ama binti anayehifadhi, Qur-aan hupokewa mdomo kwa sikio. Mwalimu wa mbali anaweza kusikiliza muraja'a kwa simu, na sauti iliyorikodiwa inaweza kusahihishwa. Lakini mwenye kuanza, ambaye bado hajatofautisha makhraji ya herufi, anahitaji kukaa mbele ya mwalimu. Tunanasihi pia mwalimu huyo awe mtu mnayemjua, na masomo yafanyike mama akisikia.

Sasa tuzungumzie wakati, ambao kwa mvuvi ni mgumu kuliko chombo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Siku hizo zimezunguka tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu wa Kiislamu, masiku meupe ambayo wengi hufunga Sunnah. Hii ni ratiba iliyokwisha pangwa mbinguni! Mbalamwezi ikiingia, boti zimetulia na baba yupo nyumbani: kijana apelekwe kituoni, akabidhi kazi, asahihishwe, achukue moduli nyengine. Giza likirudi, asome kambini mchana.

Mfano wake tunao katika Sunnah. Maalik bin al-Huwayrith (Radhwiya Allaahu 'anhu) na vijana wenzake walikaa kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) masiku ishirini. Alipoona wametamani ahli zao, aliwarudisha wakawafundishe watu wao. Muda wa kukaa ulikuwa mfupi, na elimu ikaendelea huko huko walikotoka.

Na gharama? Misikiti ya Ujiji na Kigoma inaweza kuweka wakfu redio, paneli ya sola na seti za vitabu. Kwa madhehebu ya Shafi'i, vitu vya msikiti kama hivyo visinunuliwe kwa fedha za Zaka, bali kwa sadaka na wakfu, kwani Zaka humilikishwa mwenye kuistahiki. Mtoto fakiri anaweza kupewa Zaka kwa ufakiri wake, ikakabidhiwa walii wake, naye akamlipia ada na nauli ya boti.

Kwa hiyo, dada yetu, simu moja inatosha nyumba nzima, na ikae kwako. Fedha ya simu ya pili iweke kwa nauli ya kijana, na mbalamwezi ijayo afuatane na baba yake mjini akaulize siku za kujiandikisha.

Wa-Allaahu A'lam.