Saa za Ziada si Kifungo

Jamaa zangu, katika koo zetu hapa Uingereza hakukosekani muuguzi. Nami ni mmoja wao, mtu wa zamu za usiku. Uchovu ninaousema si wa miguu. Ni ule wa kumtazama mgonjwa analia nawe huhisi kitu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba huletwa na kazi, wala si maradhi.

Basi wanangu, sheria ya 1998 imeweka wastani wa saa 48 kwa wiki. Uliyetia saini kuzidisha unaweza kuifuta kwa barua, kwa taarifa ya siku 7, au zaidi kama mkataba wasema hivyo, lakini isipite miezi 3. Mimi niliifuta. Pesa za kupeleka Unguja zilipungua. Mama alinielewa kabla sijamaliza kueleza.