Sura ya Sita: Kiti cha Uani

Maradhi ambayo wazee wetu waliyaita faliji, nasi leo aghalabu twayaita kiharusi, huonekana mguuni na mkononi, lakini makao yake ni ubongo, ambao upande wake wa kushoto huamrisha viungo vya kuume na wa kuume huamrisha vya kushoto. Basi damu ikizibiwa njia huko au ikivuja, mguu hubaki na mifupa na nyama yake kamili, ila amri haziufikii. Anayeusugua mafuta kutwa kucha, kwa mapenzi na subira, anamuuguza mjumbe ilhali aliyejeruhiwa ni aliyemtuma.

Ubongo, alhamdulillahi, hujifunza upya, sehemu zilizosalimika zikichukua kazi ya zilizoharibika, kwa sharti la kurudia mara nyingi tendo lile lile linalotafutwa. Katika nyua za Jabe, mjini Bujumbura, kiti kizito kilichoegemezwa ukutani chatosha kuanzia: mgonjwa asogee ukingoni, arudishe nyayo zote mbili chini ya magoti, ainame mbele hata pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke, uzito ukigawanyika pande zote, naye kinesi, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amekaa upande uliolegea. Jamaa kwa huruma humvuta mkono ule mnyonge. Wasifanye hivyo kabisa, kwani bega lililokosa misuli ya kulishika huumia upesi na huponea mbali.

Mwaka 2011 yalitangazwa Marekani matokeo ya uchunguzi uitwao LEAPS, wa wagonjwa 408, ambao baadhi yao walitembezwa juu ya mkanda wa mashine, miili ikishikiliwa na mishipi, na wengine wakafundishwa nyumbani mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Mwaka mmoja baada ya kiharusi, 52 kwa kila 100 walikuwa wamepanda daraja ya mwendo, wala mashine haikuwashinda wa nyumbani. Lakini hao wa nyumbani walipangiwa mtaalamu mara 36, kila mara dakika 90. Kwa hiyo nisikiapo jamaa wakisikitikia mashine, huona heri wangedai saa za kinesi.

Maendeleo nayo yapimwe. Zipigwe mita 10 uani, na mtu ashike saa: azidishaye sekunde 25 mwendo wake ni wa ndani ya nyumba, azimalizaye kwa 12 aghalabu aweza kwenda sokoni kwa miguu yake, bakora ikiwa katika mkono mzima.