Kompyuta bila kipanya

Maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira serikalini siku hizi hujazwa kwenye kompyuta. Wapo vijana wetu wa Kibondo na Kasulu wasioona, wenye ualbino ambao wengi huona kwa shida, na waliopooza mkono. Kufuata kimshale cha kipanya ni taabu kwao, hivyo humwachia mtu mwingine ajaze, naye akazijua siri zao zote.

Kibodi peke yake yatosha. Kitufe cha Tab hukupeleka mbele. Shift pamoja na Tab hukurudisha nyuma. Enter hufungua kiungo, na kitufe kirefu cha nafasi hutia alama kisandukuni. Asiyeona atumie programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kipofu wa Australia. Hutolewa bure, husoma maandishi kwa sauti, na sauti ya Kiswahili imo.

Vivinjari, hata hivyo, havifanani. Safari kwenye Mac huviruka viungo ukibonyeza Tab, mpaka ubadilishe mpangilio au ubonyeze Option pamoja nayo. Kwenye Windows, Chrome na Firefox haviviruki. Basi ukikwama, jaribu kivinjari kingine. Ukikwama kote, kosa si la kijana, ni la aliyeutengeneza ukurasa. Aambiwe.

Wazazi, wekeni kipanya kando, mjaribu wenyewe. Kisha mwacheni kijana ajaze fomu yake kwa mkono wake.